Damu puani Mbekenyera: uchambuzi wa kisa cha Homa ya Mgunda, Ruangwa 2022

Mwanzoni mwa Julai 2022, Kituo cha Afya cha Mbekenyera wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, kilipokea wagonjwa waliofanana kwa namna isiyo ya kawaida. Walikuwa na homa, kichwa kikiwauma, mwili umeishiwa nguvu, na damu ikiwatoka puani. Homa na kichwa si habari kwa kituo chochote cha Kusini. Damu ndiyo iliyopandisha taarifa wilayani, mkoani, hadi wizarani. Mganga Mkuu wa Serikali alipozungumza na umma katikati ya mwezi, wagonjwa walikuwa wamefika 13 na watatu walikuwa wameshafariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vilikuwa vimerudi hasi. Rais Samia Suluhu Hassan naye aliugusia ugonjwa huo, akiuhusisha na binadamu na wanyamapori kuzidi kuingiliana kutokana na uharibifu wa mazingira. Tarehe 18 Julai, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja: leptospirosisi, ambao wizara iliuita kwa Kiswahili Homa ya Mgunda. Hesabu ilikuwa wagonjwa 20 na vifo vitatu.

Baada ya hapo gumzo likahamia kwingine, na wengi tukabaki na sentensi moja kichwani: kumbe ni ugonjwa wa panya. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukiishika peke yake utaishia kununua sumu ya panya na kudhani umemaliza kazi. Kisa cha Ruangwa kinastahili kufunguliwa taratibu kuliko hivyo.

Nianze na damu yenyewe. Leptospirosisi kwa kawaida haijitambulishi kwa damu ya puani. Humwanza mtu kwa homa ya ghafla, baridi, kichwa kikali, na maumivu ya misuli ambayo hukaa zaidi kwenye vigimbi na kiunoni, kiasi kwamba ukimbonyeza mgonjwa kigimbi anaruka. Macho huwa mekundu bila tongotongo. Kwa wengi huishia hapo, na baada ya siku chache mtu hurudi shambani. Kwa wachache hugeuka: macho yanakuwa ya njano, figo zinashindwa kazi, mkojo unapungua, damu inavuja ndani ya mapafu au kwingineko. Sura hiyo kali ndiyo Adolf Weil aliyoieleza huko Ujerumani mwaka 1886, na kimelea chenyewe kikaja kutambuliwa na watafiti wa Japani karibu miaka 30 baadaye.

Sasa jiulize: mkulima wa Ruangwa akipata ile sura nyepesi, homa na kichwa na viungo kuuma, ataandikiwa nini? Malaria. Kama kipimo cha haraka kikisema hana, ataambiwa ana taifodi au maambukizi ya mkojo, atapewa dawa, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe mara nyingi huondoka bila msaada, dawa hiyo itapewa sifa isiyostahili. Si kisingizio ninachowatafutia wahudumu wa vijijini. Hospitali kubwa nazo zimewahi kuonekana zikifanya hivyo hivyo. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliotajwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa 528. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliougua kwa sababu ya malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa waliobaki, watu 40 walikutwa na leptospirosisi.

Moshi si Ruangwa, na Lindi ina malaria nyingi kuliko Kilimanjaro, kwa hiyo hesabu hizo huwezi kuzihamisha zilivyo. Lakini ukiniuliza mimi, naona vigumu kuamini kwamba ugonjwa huu ulifika Mbekenyera Juni 2022 kwa mara ya kwanza. Ninaloona ni kwamba mwaka huo ulitokea ukiwa na alama ambayo kipimo cha malaria hakikuweza kuifunika. Ndiyo maana hata ile hesabu ya vifo vitatu kati ya 20, yaani asilimia 15, inatakiwa kusomwa kwa uangalifu. Inahesabu waliogundulika, na waliogundulika walianza kutafutwa kwa sababu kulikuwa na damu na vifo. Waliougua kidogo na kupona nyumbani hawamo ndani ya wale 20.

Kuna watu waliocheka baadaye kwamba serikali iliogopa Ebola kumbe ni panya tu. Mimi siwaungi mkono. Homa na damu, watu kadhaa wa eneo moja, vifo, sababu haijulikani: hapo kumtenga mgonjwa na kupima magonjwa mabaya kwanza ndiyo kanuni. Miezi minane baadaye, Machi 2023, ugonjwa mwingine usiojulikana ulijitokeza Kagera, na huo ulikuwa Marburg kweli. Tofauti ni kwamba jibu la leptospirosisi likishapatikana, hofu ya kuambukizana mtu kwa mtu inaweza kushuka mara moja, kwani njia hiyo ni nadra mno. Binadamu kwa kimelea hiki ni kichochoro kisichotokea upande wa pili. Swali linahama kutoka kwa nani alimgusa nani kwenda kwenye wapi mtu aligusa mkojo wa mnyama.

Leptospira ni bakteria wembamba waliojisokota, wanaoogelea kwenye majimaji. Makao yao ni mirija midogo ya figo za mnyama. Panya akishaambukizwa anaweza kuwatoa kwenye mkojo wake maisha yake yote huku mwenyewe ana afya njema, anakula, anazaa. Mkojo ukishaanguka kwenye maji yasiyo na chumvi au udongo wenye unyevu, bakteria hao wanaweza kuishi kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, hasa kukiwa na joto la nchi kama yetu. Wanamwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi, ngozi iliyolowa maji muda mrefu, macho, pua na mdomo. Si lazima mtu ang'atwe na panya. Si lazima hata panya aonekane.

Na wana udhaifu mkubwa unaosaidia sana kukisoma kisa hiki: wanakufa kwa ukavu. Jua kali huwaua, maji ya chumvi hayawafai, kuchemsha maji huwamaliza, klorini pia.

Kwa nini Juni na si Machi

Hapa ndipo penye fumbo. Vitabu vya tiba huuhusisha ugonjwa huu na mvua na mafuriko. Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, wakati mwingine Mei. Wagonjwa wa Mbekenyera walionekana kuanzia mwanzoni mwa Julai, kiangazi kimeshashika, vumbi limeanza kupanda barabarani. Tangu mtu aambukizwe hadi augue hupita siku 2 hadi 30, kwa wengi kati ya 5 na 14. Kwa hiyo walioanza kuugua mwanzoni mwa Julai waliambukizwa zaidi ndani ya Juni.

Juni Ruangwa watu wako wapi? Wako shambani. Ufuta umekatwa, mafungu yamesimamishwa yakauke, watu wanapura na kupepeta, magunia yanaelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Mahindi na mbaazi navyo vina zamu zake. Familia nyingi zina mashamba ya mbali, na kipindi hicho watu hulala huko huko kwenye vibanda na madungu, kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori na nyani. Wanakunywa maji gani huko? Yale yaliyopo. Kisima cha kienyeji kilichochimbwa bondeni, dimbwi lililobaki kwenye kijito, lambo la mifugo.

Ukiweka ule udhaifu wa bakteria kando ya hali hii, picha inaanza kueleweka. Wakati wa masika maji yapo kila mahali, na mkojo wa panya unasambaa na kuzimuliwa. Kiangazi kikiingia, ardhi yote inakauka na kuwa salama isipokuwa pale penye unyevu, na pale penye unyevu ndipo kila kiumbe kinapokwenda: mkulima na dumu lake, mbuzi, mbwa, nguruwe pori, na panya usiku. Hatari inakusanyika kwenye sehemu chache. Hii ni tafsiri yangu ya msimu. Haichukui nafasi ya kupima maji na wanyama wa eneo lile. Lakini inaendana na kila kinachojulikana kuhusu kimelea hiki, kuliko maelezo ya kwamba panya waliingia majumbani na kuleta balaa.

Panya wenyewe nao wana kalenda yao. Yule panya shamba ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ndiye anayewasumbua wakulima wa Tanzania kuliko wote. Hubeba mimba siku 23 tu. Jike ana chuchu zinazoweza kufika 24, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo kwake ni jambo la kawaida. Hufuata mvua: nyasi na mbegu changa zikipatikana anaanza kuzaa, na idadi yake hupanda mvua zinapoisha, wakati chakula shambani ni kingi. Kwa maneno mengine, mkulima anapokwenda kuvuna, panya naye yuko kwenye kupanda kwa idadi. Mavuno yakishaondolewa, panya hufuata chakula kilikokwenda, yaani ghalani na darini, ambako anakutana na mwenyeji mwingine, panya wa nyumbani. Mpaka kati ya panya wa porini na panya wa nyumba ni mstari tunaouchora sisi. Wao hawaujui.

Mbuzi, ng'ombe na mbwa

Katika mazungumzo ya watu kuhusu Ruangwa mifugo haikupata nafasi, na hilo ni pengo kubwa. Leptospira wana aina zaidi ya 250, na kila aina ina mnyama anayeipenda. Ziko za panya, ziko za ng'ombe, za nguruwe, za mbwa. Ng'ombe aliyeambukizwa aina yake mwenyewe anaweza kukaa miezi mingi akiitoa kwenye mkojo bila kuonekana mgonjwa. Kwa hiyo kusema ugonjwa ni wa panya kabla ya kujua ni aina gani iliyokutwa kwa wagonjwa ni kumhukumu mtuhumiwa kwa sura yake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimefanya kazi ya miaka mingi katika jambo hili, na moja ya aina zilizotengwa na watafiti wake kutoka kwa ng'ombe wa Morogoro ikapewa jina Sokoine. Faida yake si heshima ya jina tu. Kipimo kinachotegemewa zaidi, kile cha kuchanganya damu ya mgonjwa na bakteria hai na kuangalia kwa hadubini kama wanashikamana, hutegemea ni aina gani umeweka mezani. Ukiweka za Ulaya peke yake, mgonjwa wa Lindi anaweza kuonekana hana ugonjwa.

Kwa mfugaji dalili ziko wazi zaidi kuliko kwa daktari, ila hazina mtu wa kuzisoma. Ng'ombe mwenye mimba kubwa anaitupa. Maziwa yanapungua ghafla bila kiwele kuvimba. Ndama ana homa na mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Nguruwe anazaa watoto wafu. Mbwa wa kuwindia anakuwa na macho ya njano na kuacha kula. Tatizo ni kwamba karibu kila dalili hapo ina wagombea wengine: mkojo mwekundu wa ng'ombe mara nyingi ni ugonjwa wa kupe, mbuzi kutupa mimba inaweza kuwa brusela, homa ya Bonde la Ufa, au toksoplasma, ambayo nayo ina panya ndani yake, kwa kuwa paka hula panya mwenye kimelea, kisha huchafua majani na pumba kwa kinyesi chake. Bila maabara, afisa mifugo wa kata anabahatisha kama anavyobahatisha mganga wa zahanati.

Zamani ungeweza kusema Lindi si nchi ya ng'ombe, na ungekuwa sahihi kiasi. Mkulima wa Kimwera alikuwa na mbuzi wachache, kuku, na mikorosho. Hali ilibadilika tangu wafugaji walipoondolewa kwenye mabonde ya Usangu na Ihefu, huko Mbeya, mwaka 2006 na kuendelea, wengi wakaelekezwa mkoani Lindi, kwanza Kilwa na Lindi vijijini, na baadhi wakasogea zaidi. Sisemi wao ndio walioleta Homa ya Mgunda. Sina ushahidi huo na nisingependa mtu autumie mstari huu kuwatia watu lawama, maana ugomvi wa mkulima na mfugaji tunao wa kutosha. Ninachosema ni kwamba malambo na mabonde ambayo zamani yalikuwa ya watu na wanyamapori sasa yana mnyama wa tatu, mkubwa, anayekojoa lita nyingi kwa siku mahali anaponyweshwa. Uchunguzi wowote wa homa hii Lindi usiochukua mkojo wa ng'ombe utakuwa umefanya nusu ya kazi.

Tanzania ina chombo cha kuunganisha mambo haya, Dawati la Afya Moja, lililo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Na Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ndiye aliyekuwa mbunge wa Ruangwa. Mtunzi wa hadithi angeambiwa amezidisha.

Panya kama mboga

Huwezi kuandika juu ya panya Kusini ukalikwepa hili. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wamakua wengi panya wa shambani ni kitoweo, na baada ya mavuno, nyasi zikichomwa, vijana na watoto huingia mashamba kuchimba mashimo na kutega. Mtu wa mikoa mingine huchukulia hapo ndipo ugonjwa ulipo, na kampeni za afya zikipita kwa sauti ya kuwaaibisha watu, wanaozisikiliza wanafunga masikio.

Kisayansi mambo yako hivi: nyama iliyoiva vizuri haina leptospira hai. Moto unawamaliza. Hatari iko kabla ya sufuria. Iko kwa mtoto anayeingiza mkono shimoni, anayebeba panya hai mfukoni, anayemkamua na kumtumbua kwa mikono yenye michubuko ya jembe, figo zikipasuka na mkojo kumwagika vidoleni, kisha anajifuta jasho machoni. Hatari iko pia kwenye viroboto wanaomhama panya aliyepoa na kutafuta mwili wenye joto. Kule Lushoto tauni ya viroboto hao iliwasumbua watu miaka mingi kuanzia 1980. Ruangwa si Lushoto, lakini kiroboto hana kawaida ya kuuliza wilaya. Anayetaka kula panya wake aue kwanza, amwache kidogo kwenye majivu ya moto au amchovye maji yanayochemka kabla ya kumshika sana, atumbue akiwa amefunga vidonda, na anawe kwa sabuni. Ushauri huu unafuatika. Ule wa kusema acheni kula panya haujafuatwa tangu enzi za babu zetu.

Na kwa sababu hiyo hiyo sumu ndiyo jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote. Panya wakifumuka mashambani, njia iliyozoeleka ni chambo chenye sumu, hasa zinki fosfaidi iliyochanganywa na nafaka. Inaua haraka na ina nafasi yake, ikisimamiwa na wataalamu wa kilimo na shamba zima likitegwa kwa wakati mmoja. Lakini katika eneo ambalo panya ni mboga, panya aliyeokotwa amekufa ni kishawishi. Kuku nao wanaudonoa mtama wa sumu, mbwa anamla panya aliyelewa, bundi anakufa. Bundi tunamchukia bure kwa sababu ya sauti yake ya usiku. Kazi anayoifanya juu ya mashamba yetu hakuna mtu anayeilipia. Kama sumu inawekwa, tangazo kijijini litaje wazi kwamba panya wa eneo hilo hawaliwi kwa muda wote uliotajwa, na panya waliokufa wafukiwe. Nimeona matangazo yanayosema weka mbali na watoto, na hayagusi kabisa suala la mtu anayemtafuta panya kwa makusudi.

Kuua panya bila kuondoa kinachomlisha kunampa nafasi tu panya mwingine. Panya shamba wakipunguzwa nusu wanazaana na kurudi idadi ile ile baada ya muda mfupi. Kinachokaa ni ghala lililoinuliwa juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati, nyasi zilizofyekwa kuzunguka nyumba, vyungu na ndoo zenye mifuniko, unga usiolala kwenye sakafu. Mitego ya kila siku inayotegwa na majirani wote pamoja inashinda sumu ya mara moja ya mtu mmoja.

Kwa upande wa maji, mabadiliko yanayoleta nafuu kubwa ni madogo. Kisima cha kienyeji kikijengewa ukingo na kufunikwa, mifugo ikawekewa hori lake mbali kidogo upande wa chini, tayari njia kuu imezibwa. Huko shambani, maji ya kunywa yachemshwe au yabebwe kutoka nyumbani; kuyachuja kwa kitambaa hakuwazuii leptospira, ni wembamba mno. Watu wa tambarare ya Makonde, Newala na Tandahimba, wana hali nyingine. Kule maji ya juu ya ardhi ni adimu, na nyumba nyingi huvuna mvua kutoka kwenye bati hadi kwenye kisima cha saruji. Paa lenye panya darini na kisima kisichofunikwa ni mkojo unaokwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Kuacha mvua za kwanza zioshe bati kabla ya kuelekeza maji kisimani si uchoyo wa maji. Anayelima mpunga mabondeni avae gambuti akiweza kuzimudu, na asipoweza, afunge vidonda vya miguu kabla ya kuingia tope na anawe akitoka. Gambuti shilingi ngapi siku hizi, na nani anazivaa kwenye jua la Lindi, ni mjadala mwingine.

Nimalizie kwenye kituo cha afya, mahali kisa kilipoanzia. Dawa zipo na si za ajabu. Doksisaiklini, ambayo haikosekani kwenye maduka ya dawa, inatibu ugonjwa ukiwa mwepesi, ingawa wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa nyingine. Penisilini au seftriaksoni ya sindano ni kwa waliozidiwa, ambao pia wanahitaji hospitali yenye uwezo wa kuangalia figo. Dawa hizi zinafaa zaidi zikianza mapema, na mgonjwa mwenye dalili za wazi hangojeshwi majibu ya maabara. Kinachokosekana ni mtu kuufikiria ugonjwa. Mgonjwa ana homa, kipimo cha malaria kimesema hapana. Kabla ya kumwandikia dawa ya taifodi kwa mazoea, muulize wiki mbili zilizopita alikuwa wapi, alilala shamba lipi, alikunywa na kuoga maji gani. Muulize kama alichinja, alizalisha mnyama, au alitumbua panya. Mbonyeze vigimbi. Mwangalie macho kwenye mwanga wa jua badala ya taa ya tochi. Muulize pia kama kwao kuna mbuzi au ng'ombe aliyetupa mimba mwezi huu, na kama yupo, mpigie simu afisa mifugo wa kata kabla jioni haijafika.

Damu ya kupima ichukuliwe siku hiyo hiyo na saa iandikwe, kwa sababu katika wiki ya kwanza bakteria wako kwenye damu na kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vyao, kinaweza kuwanasa. Baada ya hapo wanahamia kwenye mkojo, na damu itakayofuata itafaa kwa kutafuta kinga ya mwili peke yake. Kinga hiyo huthibitishwa kwa damu mbili zilizopishana kama wiki mbili, na hapo ndipo wagonjwa wengi wa vijijini hupotea: wamepona, wamerudi kwenye ufuta, na nauli ya kurudi kituoni kutoa damu ya pili hakuna aliyeitenga.